Jioni za Darubini Forodhani

Katika Bustani ya Forodhani, mjini Zanzibar, watu huja jioni kula urojo na mishikaki, kunywa juisi ya miwa, na kuwatazama vijana wa makachu wakijirusha baharini kutoka ukutani. Kwa miaka kadhaa sasa, katika wiki ambazo mwezi umefikia nusu na mawingu yametuachia nafasi, nami huwa hapo, nimesimama kando ya ukuta wa bahari, mbali kidogo na taa za wauzaji, nikiwa na darubini iliyoelekezwa juu. Yeyote apitaye anakaribishwa kuchungulia. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, na mchana kutwa kazi yangu ni kueleza. Jioni hizo zimenionjesha furaha ya aina nyingine, ambayo ni kumwachia mtu aone mwenyewe, nami nikanyamaza.

Mapenzi yangu ya nyota yalianzia gizani. Mwezi Desemba 2009 umeme unaotufikia kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara ulikatika, na Unguja ikakaa bila umeme kwa takribani miezi mitatu, hadi Machi 2010. Watu wanaikumbuka miezi ile kwa shida zake: maji hayakupanda kwenye matangi, samaki waliharibika, na mchana ulijaa kelele na moshi wa jenereta. Shida hizo nazikumbuka vizuri. Lakini nakumbuka pia kwamba usiku, majirani walipozima jenereta ili kubana mafuta, watu walitoa mikeka wakakaa nje, na juu ya mapaa ya Mji Mkongwe zikaonekana nyota ambazo sisi tuliokulia mjini hatukuwa tumewahi kuziona kwa wingi ule. Kundi la nyota la Jabari lilikuwa juu kabisa, nyota ya Shira iking'aa kuliko zote, na upande wa kusini Suheli, ambayo manahodha wa pwani hii waliifuata vizazi na vizazi. Umeme uliporudi mtaa mzima ulishangilia, nami nilishangilia pamoja nao, ila tangu siku hizo sijaacha kuinua kichwa nikitoka nyumbani usiku.

Darubini niliipata baadaye, ikiwa imeshatumika, kutoka kwa mwalimu mgeni aliyekuwa anafungasha kurejea kwao. Ni bomba pana lenye kioo kilichobinuka ndani, upana wake sentimita 20, kikiwa kimekaa chini kabisa mwa bomba. Mwanga huingia kwa mdomo wa juu, ukapiga kioo hicho, ukakusanyika na kurudi juu, kisha kioo kidogo cha bapa huutoa kwa ubavuni, pale jicho linapochungulia. Kioo cha upana huo hukusanya mwanga zaidi ya mara 800 kuliko mboni ya jicho la binadamu iliyofunguka gizani. Bomba lenyewe linakaa ndani ya sanduku la mbao lisilo na mota wala betri, na hugeuzwa kwa mkono tu.

Sanduku hilo la mbao lina asili ninayopenda kuisimulia. Muundo wake ulienezwa na John Dobson, mzaliwa wa Beijing, aliyekuwa mtawa wa monasteri ya Kihindu katika jimbo la California, nchini Marekani. Alipenda mno kuwaonyesha majirani nyota kwa darubini alizoziunda kwa vioo vya madirisha ya meli na mabomba ya karatasi ngumu, na mwaka 1967 akatolewa kwenye monasteri. Mwaka uliofuata yeye na vijana kadhaa wakaanzisha kikundi cha kuweka darubini kwenye njia za waendao kwa miguu, ili mpita njia yeyote apate kuutazama mwezi bila kulipa chochote. Dobson alifariki mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 98. Hakuuza muundo wake wala hakuuwekea haki ya umiliki, na ndiyo maana fundi seremala wa kwetu, akipewa mbao za kutosha na vipimo, anaweza kulitengeneza sanduku kama langu.

Mara nyingi naulizwa kwa nini naiweka darubini mahali penye taa nyingi namna ile. Jibu ni kwamba watu wako pale. Taa za mji hufuta nyota hafifu, hilo halina ubishi, lakini haziwezi kuufuta mwezi, wala sayari za Zuhura, Mshtarii na Zohali, kwa kuwa vyote hivyo vina mwanga wa kutosha kuyashinda mataa yetu. Mtu hahitaji kusafiri hadi jangwani ili aione pete ya Zohali. Anahitaji mtu mwenye darubini asimame pale anapopita kununua chakula cha jioni.

Nianze na mwezi, maana ndio unaopendeza watu wote, wakubwa kwa wadogo. Wengi hudhani usiku mzuri wa kuutazama ni ule wa mwezi wa siku kumi na nne, na huja siku hiyo wakiwa na hamu kubwa. Siku hiyo jua huumulika mwezi kutoka mbele, hakuna vivuli, na kinachoonekana kwenye darubini ni weupe mkali unaochosha jicho. Siku bora ni ya saba hadi ya kumi, mwezi unapokuwa nusu au zaidi kidogo. Wakati huo kuna mstari unaougawa upande wenye mwanga na upande wa giza, na mwezini, penye mstari huo, ndipo jua linapochomoza. Milima inatupa vivuli virefu, kuta za kasoko (yale mashimo makubwa ya duara) zinasimama, na ng'ambo ya mstari, ndani ya giza lenyewe, yanaonekana madoa madogo ya mwanga yaliyojitenga, ambayo ni vilele vilivyoguswa na jua kabla ya mabonde yaliyo chini yake. Galileo, mwanasayansi wa Kiitaliano, aliyaona madoa hayo mwaka 1609, na kwayo akajua kwamba mwezi si tufe laini. Mtoto wa darasa la tatu akisimama juu ya kreti la soda pale Forodhani anayaona mambo yale yale, tena kwa uwazi zaidi, kwa sababu vioo vya siku hizi ni bora kuliko lenzi za Galileo.

Kasoko ninayopenda kuionyesha katika siku ya tisa hivi ni Copernicus, yenye upana wa kilomita 93. Kisiwa chetu cha Unguja kina urefu wa takribani kilomita 85, kwa hiyo kingeweza kulazwa ndani ya kuta zake chote, kuanzia Nungwi hadi Makunduchi. Nikilisema hilo, mtu ambaye ameshachungulia hurudi kuchungulia tena. Wengi huuliza kama bendera ya Wamarekani inaonekana. Nawaonyesha mahali ilipo Bahari ya Utulivu, walipotua watu wa Apollo 11 tarehe 20 Julai 1969, kisha nawaeleza kwamba kitu kidogo kabisa ambacho darubini yangu inaweza kukitenga mwezini kina upana wa kilomita moja au zaidi, na kwamba hakuna darubini yoyote duniani, hata ile kubwa kuliko zote, inayoweza kuonyesha bendera kutoka umbali wa kilomita 384,000. Jambo moja la kutia moyo ni kwamba sijapata kumwona mtu akivunjika moyo kwa jibu hilo.

Mwezi mwembamba wa siku ya pili au ya tatu nao una uzuri wake wa peke yake. Ukiutazama, unauona ule upande usiomulikwa na jua ukiwa na mwanga hafifu wa kijivu, na mwanga huo umetoka kwetu: jua limeipiga dunia, bahari na mawingu yetu yakaurudisha mwanga hadi mwezini, nao mwezi ukaturudishia sisi. (Mfungo wa Ramadhani unapokaribia naombwa niilete darubini kwa ajili ya kuutafuta mwezi mwandamo. Nafurahi kumwonyesha mtu mwezi ulipo, lakini hukumu ya kuandama nawaachia wenye elimu yake.)

Forodhani ni mahali pa biashara, na kila kitu kina bei yake. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla hata mtu hajauliza hiki ni kitu gani, ni shilingi ngapi. Nikijibu kwamba ni bure, wapo wanaorudi nyuma hatua moja, wakidhani kuna jambo limefichwa. Papasi mmoja, wale vijana wanaowatembeza watalii mitaani, alinishauri kwa nia njema kabisa kwamba watalii wangelipa dola bila kusita. Nilimshukuru, na bado nashikilia kwamba kutolipisha ndiko kunakoipa foleni ile utulivu wake. Aliyelipa huanza kuhesabu dakika alizonunua, na aliyeshindwa kulipa hatakuja. Katika foleni ya bure nimeona mzee mwenye kanzu na kofia amesimama nyuma ya binti wa Kizungu mwenye mkoba mgongoni, na nyuma ya mzee huyo mchukuzi na mkokoteni wake, kisha mama aliyejifunika buibui na watoto watatu, na hakuna aliyeuliza nani ana haki zaidi. Vijana wenyewe huwaambia wazee, "Pita mbele, babu," na babu hukataa kwa adabu mara moja kabla ya kukubali.

Sielezi kitu kabla mtu hajachungulia. Maelezo yakitangulia, mtu huitafuta ndani ya lenzi picha niliyomjengea kichwani, na asipoipata hudhani jicho lake lina kasoro. Namwambia maneno machache tu: vua miwani ukiweza kuona bila hiyo, weka mikono nyuma usiliguse bomba, sogeza jicho polepole hadi uone duara la mwanga. Baada ya hapo nanyamaza. Kuna muda mfupi ambapo mtu huyumba, anaona giza, anaona kope zake mwenyewe, anasogea mbele na nyuma. Halafu mwili wote unatulia. Mabega yanashuka. Kutoka pale niliposimama naweza kujua sekunde ile ile aliyoona, hata kabla hajatoa sauti. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote, na siichoki. Wengine husema "Subhanallah" kwa sauti ya chini. Wengine hucheka. Wengi hawasemi kitu kwa kitambo, na mimi huwaachia kitambo hicho bila kukijaza maneno.

Zohali ndiyo inayonyamazisha watu kuliko kitu kingine chochote. Kwa darubini ya ukubwa huu inaonekana ndogo sana, ya rangi ya dhahabu iliyofifia, na pete yake imeizunguka bila kuigusa, na wembamba wa ule mstari wa giza kati ya pete na sayari ndio unaowafanya watu wasiamini. Si mara moja nimeambiwa kwamba nimebandika picha ndani ya bomba. Hapo sibishani. Namwomba mwenye shaka apitishe kiganja chake mbele ya mdomo wa darubini huku rafiki yake akichungulia, ili athibitishe kwamba sayari inafifia na kung'aa tena kwa kufuata mkono wake. Mchoma pweza mmoja, ambaye kwa miezi mingi alikuwa ananitazama kutoka kwenye meza yake, alikuja usiku mmoja biashara ilipopungua. Alijifuta mikono kwa aproni, akaiweka mikono nyuma mgongoni kama alivyowaona wengine wakifanya, akainama. Alikaa hivyo hadi sayari ikatoka kwenye duara, nikairudisha, akaendelea. Alipoinuka alisema maneno mawili tu: "Kumbe ipo." Alikuwa ameiona kwenye kitabu cha shule miaka mingi nyuma, na siku zote hizo ilikuwa kwake mchoro. Mwanga ulioingia jichoni mwake ulikuwa umesafiri zaidi ya saa moja tangu uondoke kwenye pete zile, na haukupita kwenye kamera wala kioo cha simu. Naamini hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kuchungulia na kutazama picha, ijapokuwa picha za vyombo vya anga ni nzuri mara elfu.

Kutoka kwenye duara kwa sayari ni jambo linalowashangaza watu kila usiku. Nikiwa nimekuza mara 100 hivi, sayari huvuka eneo lote linaloonekana ndani ya dakika mbili na kupotea. "Inakimbia!" watoto hupiga kelele. Nawaambia kwamba tunaokimbia ni sisi, kwa kuwa mahali tuliposimama, hapa karibu na ikweta, ardhi inazunguka kuelekea mashariki kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na bomba langu linazunguka nayo. Darasani nimelifundisha jambo hilo kwa tufe na tochi, na wanafunzi wakaliandika vizuri kwenye mitihani. Lakini kuona sayari ikiteleza na kutoka, ukaisukuma darubini kwa kidole kuifuata, ni kuuhisi mzunguko wa dunia mkononi mwako, na mara kadhaa nimeliacha bomba mikononi mwa mtoto kwa ajili hiyo tu.

Mshtarii ni mwalimu wa wenye kurudi. Anayechungulia mara ya kwanza huona duara jeupe na miezi minne iliyojipanga kama shanga kwenye uzi mmoja, akaridhika. Binti mmoja wa darasa la tano, ambaye mama yake huuza mabuyu na kashata jirani, hakuridhika. Alikuja kila nilipokuwapo, na baada ya muda akaniambia ameona mistari miwili ya kahawia. Mistari hiyo ilikuwapo tangu siku ya kwanza. Ni mikanda ya mawingu ya sayari ile, na jicho lake ndilo lililokuwa limejifunza. Kisha akaleta daftari na penseli, akawa anachora miezi ilivyokaa, na jioni moja akanionyesha kwa mshangao kwamba mpangilio si ule wa jana. Galileo alifanya kazi hiyo hiyo Januari 1610, akichora usiku baada ya usiku, hadi akatambua kwamba vile vidoa vinaizunguka Mshtarii. Sikumwambia binti yule habari za Galileo hadi alipokuwa amelifikia jambo lenyewe kwa macho yake. Siku hizi yeye ndiye anayewaambia wageni waweke mikono nyuma.

Desemba 2020 ilikuwa na jioni ambazo sitazisahau. Mshtarii na Zohali zilikuwa zinakaribiana upande wa magharibi, juu ya bahari, na Forodhani inatazama huko huko. Tarehe 21 zilifikia umbali wa sehemu moja ya kumi ya digrii, yaani kama moja ya tano ya upana wa mwezi, na hazikuwa zimekaribiana hivyo tangu mwaka 1623. Katika wiki ile sayari zote mbili ziliingia kwenye duara moja la lenzi, moja na pete yake, nyingine na miezi yake, jambo ambalo hata mimi nilipolikokotoa kwenye karatasi sikuwa nimejiandaa kulipokea. Muda ulikuwa mfupi, kwani zilikuwa chini na zilizama kabla ya saa tatu usiku, na mawingu ya msimu yalipita mara kwa mara. Watu walisubiri wingu lipite bila kuondoka kwenye foleni. Walizungumza na wasiowajua. Aliyefika mbele wakati wingu limeziba aliambiwa na wa nyuma yake asitoke, asubiri zamu yake ikamilike.

Kati ya wageni wangu wote, mmoja ninayemheshimu sana ni mzee aliyekuwa nahodha wa jahazi. Nilimwamkia, akaitikia, akatazama juu kabla ya kutazama bomba, akazitaja nyota kwa majina yake moja baada ya nyingine, akionyesha kwa bakora. Nilimwelekezea Kilimia kwa lenzi yenye ukuzaji mdogo. Kwa macho matupu watu wengi huhesabu nyota sita au saba. Kwenye darubini zinajaa makumi, za buluu na nyeupe, zilizo mbali nasi kiasi kwamba mwanga wake husafiri miaka 440 hivi kutufikia. Alikaa kwa muda mrefu, kisha akasema bila kuondoa jicho: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Akanieleza, kama mtu anayemweleza mjukuu, kwamba kundi lile hupotea magharibi mvua za masika zikiwa zinanyesha, na likionekana tena alfajiri upande wa mashariki, mvua zimekwisha na kipupwe kimeingia. Nilijua tayari kwamba jua linapolipita kundi hilo mwezi Mei haliwezi kuonekana, na kwamba mwezi Juni hutokeza kabla ya mapambazuko. Hesabu zake na zangu zilikutana kwenye nyota zile zile. Aliomba kuiona Suheli pia, nikamwonyesha. Ikabaki nukta kali ya mwanga kama ilivyo kwa macho matupu, kwa sababu nyota ziko mbali mno kuweza kukuzwa. Akatabasamu, akasema hiyo haijabadilika.

Kila kipupwe, shule zikiniruhusu, huichukua darubini hadi vijiji vya upande wa mashariki, Jambiani na Makunduchi, ambako mbingu bado ni nyeusi. Huko mambo ni mengine kabisa. Upepo wa kusi hutikisa bomba, hivyo hutafuta ukuta wa darasa wa kujikinga, na hewa ya chumvi hunilazimu kukifunika kioo mara tu ninapomaliza. Lakini zawadi yake ni Njia Nyeupe iliyotanda kutoka upeo hadi upeo, kundi la nyota la Nge likiwa juu kabisa, na lile la Salibu upande wa kusini. Tochi zetu tunazifunga karatasi nyekundu ya nailoni, kwa kuwa jicho huchukua kama nusu saa kuzoea giza na mwanga mweupe wa simu hulirudisha mwanzo kwa sekunde moja. Watoto wa kijijini hulishika sharti hilo haraka kuliko watu wazima. Huwaonyesha Omega Centauri, tufe la nyota zipatazo milioni 10, ambalo mwanga wake umesafiri takribani miaka 17,000, na huwafundisha wasilitazame moja kwa moja bali waelekeze jicho pembeni kidogo, maana sehemu ya jicho inayohisi mwanga hafifu haiko katikati. Akifuata maelekezo, mtoto huona ukungu ukigeuka kuwa chembechembe za nyota, na mara hiyo hutaka kumwita ndugu yake.

Matukio makubwa pia nimeyaonyesha. Tarehe 1 Septemba 2016 nilisafiri hadi Rujewa, mkoani Mbeya, ambako jua lilibaki pete ya moto kwa karibu dakika 3, na umati ulikuwa mkubwa na wenye shangwe. Usiku wa tarehe 27 Julai 2018 mwezi ulipatwa wote, kuanzia saa nne na nusu hadi saa sita na dakika 13, na hakuna kupatwa kwa mwezi kutakakodumu zaidi ya huko katika karne hii. Watu waliswali kwanza, kisha wakaja Forodhani kwa vikundi, mwezi ukiwa mwekundu kwa mwanga wa jua uliopinda ndani ya hewa ya dunia, na Mirihi ikiwaka jirani yake. Kwenye darubini Mirihi ilikuwa duara la rangi ya chungwa lisilo na alama, kwa sababu dhoruba ya vumbi ilikuwa imeifunika sayari nzima. Usiku ule nilifurahi kama wengine. Hata hivyo, nikiulizwa nachagua lipi, nachagua jioni ya kawaida isiyotangazwa popote, ambapo mtu alikuja kununua mhogo akakutana na Zohali, kwa kuwa huyo hakuja na matarajio yoyote, na kinachomgusa kimemgusa chenyewe.

Kwa sasa wanafunzi wangu nami tunajiandaa kwa tarehe 2 Agosti 2027. Siku hiyo kivuli cha mwezi kitapita kusini mwa Hispania, Afrika Kaskazini, Misri, Saudia, Yemen na pembe ya Somalia. Ndugu zetu wengi walioko Jidda na Makka wataliona jua likifunikwa lote, na karibu na Luxor giza litazidi dakika 6. Sisi huku Zanzibar tutaona sehemu ya jua ikimegwa mchana. Tunatengeneza fremu za karatasi ngumu za kushikilia kichujio cha jua, ambacho hufungwa kwenye mdomo wa mbele wa darubini, kamwe si penye jicho, kwani kioo kinachokusanya mwanga mara 800 huunguza jicho kabla mtu hajapata muda wa kulifumba. Wasioweza kupata miwani maalumu tutawafundisha kutoboa kadi tundu dogo na kuliangusha jua kwenye karatasi nyeupe. Mwenye darubini iliyolala kabatini, awe Pemba, Tanga, Mombasa au Maskati, namsihi aitoe nje mapema, aanze na mwezi wa siku ya nane, na kreti la kusimamia watoto asilisahau.